Bomba Jipya, Mpira Mzee

Mara ya kwanza mlima kunishinda nilikuwa nyuma ya trela la saruji, nimeshapita Kapsoit nakaribia Kericho, Jumapili jioni, manyunyu yanaanguka. Nikaona nafasi, nikakanyaga mafuta, nikangoja ule mgandamizo wa mgongo kwenye kiti ambao kila mwenye gari la tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, anaujua. Haukuja. Gari lilikohoa kidogo, likavuta kwa uvivu, ikanibidi nirudi nyuma ya trela huku matatu iliyokuwa kisogoni ikinipigia honi kana kwamba nimemtukania dereva mamake.

Gari lenyewe ni Forester ya mwaka 2006, injini ya lita mbili yenye tabo, ile ambayo kwa vitabu vya Japani ina nguvu za farasi 220. Kazi yangu iko Nakuru, mama watoto na watoto wako Kisumu, kwa hivyo kila wikendi ni barabara ile ile: Salgaa, Sachangwan, Mau Summit, Kericho, Awasi, Ahero, kisha foleni ya Nyamasaria. Ukiipanda na kuishuka njia hiyo miaka minne, unalijua gari lako kama unavyojua kikohozi cha mtoto wako. Nilijua kuna kitu kimepungua. Sikujua ni kitu gani, na badala ya kutafuta nikaenda kununua.

Nilichonunua kilikuwa kizuri kukitazama, hilo sitabisha. Bomba la alumini lililong'arishwa hadi unajiona uso, filta ya koni ya pamba nyekundu, vipande viwili vya mpira wa silikoni vya buluu na klipu nne. Bei yake ilikaribia karo ya muhula. Muuzaji aliniambia nitaongeza farasi kumi na tano, nami nikaamini kwa sababu hoja yake ilikuwa tamu: tabo ni pafu, na mtu uliyemziba pua hawezi kukimbia. Mfungue pua.

Tena nilikuwa na elimu kidogo, na elimu kidogo ndiyo iliyoniponza. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Mombasa hewa inakandamiza kwa kilopaskali 101 hivi. Kwetu ni kama 81, pungufu kwa moja ya tano. Kisumu, kwa mita 1,130 hivi, angalau unapumua. Gari lisilo na tabo likija huku juu linapoteza nguvu kwa kiwango kama hicho na hakuna la kufanya. La tabo linajitahidi kufidia: gurudumu lake linazunguka kwa kasi zaidi ili kufikisha mgandamizo ule ule ndani ya injini. Basi nikajiambia, kama hewa ni haba, tatizo litakuwa mlango wa kuingilia. Hesabu yangu ilikuwa safi kabisa, ila ilikuwa ya gari zima lisilo na kasoro.

Kazi yenyewe tuliifanya nyumbani Nakuru, Jumamosi asubuhi, mimi na mpwa wangu aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na anajua kila kitu. Tukatoa waya wa hasi wa betri. Tukafungua lachi za boksi la filta, tukalegeza klipu ya mpira mkubwa, tukachomoa plagi ya sensa ya hewa na kuitoa sensa kwa skrubu zake mbili. Hapo nilipaswa kusimama nikaitazama vizuri ile sensa, maana mchezo mzima umo humo. Ndani ya kinywa chake mna waya mwembamba kama unywele. Waya huo unapashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza. Kompyuta inapima umeme unaohitajika kuurudisha kwenye joto lake, na kwa hesabu hiyo inajua hewa iliyoingia ni gramu ngapi kwa sekunde. Petroli inamwagwa kulingana na hesabu hiyo. Kompyuta haioni hewa. Inaona waya tu.

Mimi nikaupuliza kwa mdomo, nikaona kavumbi kamebaki, nikakapangusa na ncha ya shati.

Kisha filta. Ilikuja imeshatiwa mafuta kiwandani, lakini kwa macho yangu ilionekana kavu, na ndani ya pakiti mlikuwa na kichupa cha mafuta mekundu. Nikaiongeza. Nikaiongeza tena. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, hiyo sasa ni chapati." Nikamwambia ashike bisibisi.

Kulikuwa na bomba refu zaidi ambalo lingepeleka filta chini kabisa nyuma ya bampa, penye hewa baridi. Hilo nililiepuka, na katika mambo yote ya siku ile ndilo pekee ninalojisifia. Anayejua mto Nyando unavyofurika pande za Ahero hawezi kuweka pua ya gari lake kando ya tairi. Maji yakimezwa na injini inayozunguka hayagandamiziki kama hewa, na kinachopinda ni fimbo za pistoni. Nikachukua bomba fupi, koni ikakaa mle mle ndani ya boneti.

Tulipowasha, majirani walitoka. Pale ambapo zamani ulisikia injini tu, sasa ulisikia tabo likivuta pumzi, halafu ukiachia mafuta likatoa mkoromo kama wa ng'ombe aliyeshiba. Nilizunguka mtaa wa Section 58 mara tatu bila sababu yoyote. Ningekuapia kwamba gari limekuwa jepesi. Mpwa wangu alipima kwa simu kutoka kilomita 60 hadi 100 kwa saa kwenye gia ya tatu, tukashangilia ile namba, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba kabla ya hapo hatukuwa tumepima chochote.

Wiki mbili nilikuwa mfalme. Wiki ya tatu, nikiteremka kutoka Mau Summit, taa ya injini ikawaka. Niliposimama kwenye kituo cha petroli Kericho, injini ikiwa imetulia bila kukanyagwa mafuta, mshale wa mizunguko ya injini ulikuwa ukipanda na kushuka kama mtu anayesinzia ibadani. Nilikuwa na kidude kile cha kuchomeka chini ya usukani kinachosoma kompyuta kupitia simu. Kikatoa P0171: hewa ni nyingi kuliko petroli. Nikafungua ukurasa wa masahihisho. Kompyuta ilikuwa ikiongeza petroli kwa asilimia 26 juu ya hesabu yake. Kwa gari zima namba hiyo hucheza karibu na sifuri. Ikivuka kumi kwa upande wowote, kuna jambo.

Kwenye foleni ya Nyamasaria nikaona namba nyingine iliyoniudhi zaidi. Joto la hewa inayoingia: nyuzi 58. Nje ilikuwa kama 30. Lile boksi la plastiki nililolidharau lilikuwa na pua inayochukua hewa mbele ya gari, pembeni mwa rejeta, likikingwa dhidi ya joto la injini. Koni yangu iliyokuwa wazi ilikuwa ikivuta hewa iliyokwisha kupikwa. Baadaye nilipolirudisha boksi, pale pale, saa ile ile, nilipata 35. Tofauti ya 35 na 58 maana yake ni hewa nyepesi kwa karibu asilimia 7. Barabara ikiwa wazi upepo husaidia, na intakula, kile kipoza hewa cha baada ya tabo, hupunguza sehemu ya joto hilo, lakini hakuna kanuni inayofanya hewa moto kuwa farasi.

Jumamosi nikalipeleka kwa fundi mmoja Kisumu, upande wa Kibuye, mtu mzima wa maneno machache. Alifungua boneti, akalitazama lile bomba linalometameta kwa muda mrefu, kisha akaniuliza swali ambalo lilipaswa kuniokolea karo ya muhula mzima.

"Omera, kabla ya kuweka hii, gari lilikuwa linaumwa nini?"

Nikamweleza kuhusu mlima wa Kapsoit. Akaitikia kwa kichwa. "Kwa hivyo mgonjwa alikuwa na jeraha, ukamnunulia kofia."

Akachukua kipimo cha vanie, akapima shimo la mahali sensa inapokaa kwenye bomba langu: milimita 70. Nikampigia mpwa wangu simu apime kwenye boksi la zamani: 66. Milimita nne, unaweza kusema si kitu. Lakini hewa hupita katika eneo, si katika kipenyo. Ukitoka 66 hadi 70, eneo huongezeka kwa takriban asilimia 12. Hewa ile ile ikipita kwenye mlango mpana zaidi hupunguza mwendo, waya unapozwa kidogo, na kompyuta inaandika hewa pungufu. Injini inapata hewa kamili na petroli pungufu.

Ukiendesha polepole, sensa ya kwenye ekzosi inagundua na kusahihisha, ndiyo maana ya ile asilimia 26. Ukikanyaga hadi mwisho, tabo likiwa linasukuma, kompyuta huacha kusikiliza ekzosi na kutegemea hesabu zake tu. Hesabu zikiwa za uongo, petroli inapungua wakati joto na mgandamizo viko juu kabisa, na mchanganyiko unalipuka wenyewe kabla ya wakati. Mlio wake ni kama changarawe ndani ya mkebe. Pistoni hazivumilii hilo muda mrefu, hasa kwa gari lililopangiwa petroli ya Japani ya oktani ya juu, isiyolipuka yenyewe upesi.

"Umeisikia hiyo changarawe?" akauliza.

Sikuwa nimeisikia. Tukatoka hadi barabara ya Kakamega, tukapanda kuelekea Riat, akaniambia nifunge vioo vyote na nikanyage. Alikuwa ameegemeza bisibisi ndefu kwenye bodi, mpini sikioni. Aliinua mkono haraka niachie. Nilikuwa nimeendesha nayo wiki tatu, nikishangilia mkoromo uliokuwa ukiifunika.

Sensa ikatolewa. Kwenye mwanga wa jua ule waya ulikuwa na utando mwekundu, mafuta yangu yale ya chapati, na juu ya mafuta vumbi limenata. Akaunyunyizia dawa yake maalumu ya sensa, hakuugusa, akauacha ukauke. Aliniambia kwamba dawa ya kusafishia breki huharibu plastiki ya sensa, na kitambaa huukata waya. Kuhusu shati sikumwambia. Kisha akapitisha kidole ndani ya bomba, upande wa baada ya filta, akanionyesha: vumbi laini kama unga wa muhogo. Hilo lilikuwa likielekea moja kwa moja kwenye mapanga ya tabo, yanayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Vumbi kwa kasi hiyo ni msasa.

Nikadhani hukumu imekamilika. Yeye akasema bado hatujafika kwenye jeraha.

Mpwa wangu aliletewa habari aulete mzigo: boksi la zamani, kwa matatu ya usiku. Alichelewa kidogo kwa sababu kuku wa jirani alikuwa amelifanya kiota barazani na kulikuwa na mayai mawili. Tukalifunga, na sensa iliyosafishwa, na filta mpya ya karatasi. Masahihisho yakashuka kutoka 26 hadi 11. Yaani makosa yangu yote mimi yalikuwa na thamani ya asilimia 15. Hiyo 11 iliyobaki ilikuwa ya gari lenyewe, na bila shaka ilikuwepo siku ile ya trela.

Fundi akaleta mkebe wa rangi wa lita nne. Kwenye kifuniko alikuwa amepachika plagi ya kupashia moto ya injini ya dizeli, vali ya tairi, na mpira mmoja wa kutolea. Ndani akamimina mafuta ya watoto, yale yale ya kupaka ngozi. Akaunganisha plagi kwenye betri, akaingiza upepo kidogo sana kwa pampu ya miguu, na mpira ukaanza kutema moshi mweupe mzito wenye harufu ya chumba cha mtoto mchanga. Akauelekeza kwenye bomba la kuingizia hewa, baada ya sensa, akaziba kwingine kote kwa glavu na klipu. Tukainama pande zote mbili, kimya, kama watu wanaongoja mwezi uandame.

Kwa dakika nzima hakukuwa na kitu. Kisha kutoka gizani, chini ya manifodi, yale mabomba yanayogawia injini hewa, ukachomoza uzi wa moshi, ukapanda polepole ukipinda kwenye nyaya. Akamulika tochi. "Huyo hapo."

Ni mpira unaobeba hewa kutoka kwenye sensa hadi kwenye tabo. Kwa injini hii unapita chini ya manifodi, mahali ambapo hakuna anayeweka macho, karibu na joto la tabo lenyewe. Miaka imeukausha. Kwenye kona yake, upande wa chini, ulikuwa na ufa wa urefu wa kidole changu cha shahada. Injini ikitulia ufa unajifumba. Injini ikivuta unafunguka kama mdomo, na hewa inaingia bila kupita mbele ya sensa. Kompyuta haikuihesabu hewa hiyo, kwa hivyo haikuitolea petroli. Mpira mpya wa silikoni wa buluu niliokuwa nimeufunga kwa fahari ulikuwa umeunganishwa, kwa mwisho wake wa pili, na huu mpira mzee.

Kama ufa ungekuwa baada ya tabo, kwenye mpira wa kwenda intakula, mambo yangekuwa kinyume: hewa iliyokwisha kuhesabiwa inavuja nje, petroli inazidi, ekzosi inatoa moshi mweusi. Ndiyo sababu pia ile vali ya kupumulia ambayo vijana hupenda kuielekeza nje ili ilie pshhh kwenye kila gia hulifanya gari kujikwaa. Kiwandani imeunganishwa irudishe hewa kwenye mpira wa kabla ya tabo, kwa kuwa imeshaandikwa kwenye daftari.

Kuubadilisha mpira huo ni kazi ya kumtia mtu adabu. Intakula inatoka, manifodi inalegezwa na kuinuliwa, mkono wa mtu mwembamba unaingia. Fundi alikataa kabisa nimletee wa mtumba kutoka Nairobi: mpira wa mtumba una umri ule ule wa huu uliochanika. Tukaagiza mpya. Kazi ilianza saa mbili asubuhi, tukawasha saa kumi na moja jioni. Baada ya kilomita mia moja hivi, akasema, nikaze klipu tena, kwa sababu mpira mpya hujikalia ukipata joto, lakini nisikaze kwa hasira.

Masahihisho: asilimia 2.

Udadisi ulikuwa umenishika, kwa hivyo nilipofika Nakuru nikafanya jambo ambalo fundi alinielekeza. Mpira mwembamba wa kupitisha mwanga, umekunjwa kama herufi U, una maji ndani, mwisho mmoja umeunganishwa kwenye kishingo kidogo cha bomba baada ya filta, mwingine wazi. Mpwa wangu akaushikilia kando ya rula kwenye kiti cha abiria, tukapanda Sachangwan nikiwa nimekanyaga mafuta hadi mwisho. Maji yalitofautiana sentimita 21. Sentimita 10 za maji ni takriban kilopaskali 1. Kwa hiyo boksi lote, na filta yake ya karatasi, lilikuwa likininyima kilopaskali 2 katika 80 hivi za hewa ya huku juu. Hata ningelitoa lote na kuacha tabo linavuta upepo mtupu, nisingepata zaidi ya hapo. Tuliirudisha ile filta chafu ya zamani kwa jaribio tu: sentimita 38. Yaani filta mpya ya karatasi peke yake ilikuwa imenirudishia sentimita 17, kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili.

Wapo watu ambao bomba kama lile linawafaa. Aliyeweka tabo kubwa zaidi, akampa mtaalamu aandike upya hesabu za kompyuta kwa bomba hilo hilo, akiwa na kipimo cha mchanganyiko kwenye ekzosi, huyo anajua anachofanya. Mimi sikuwa huyo. Bomba liko juu ya kabati, na mpwa wangu ameshaliomba mara nne kwa ajili ya gari ambalo bado hajanunua.

Wiki iliyofuata nilikuwa na mama watoto, tunapanda kutoka Awasi. Baada ya Kapsoit tukalikuta trela, la sukari mara hii. Nikangoja nafasi, nikakanyaga, mgongo ukabanwa kwenye kiti, tukapita na kurudi upande wetu kabla hajamaliza sentensi aliyokuwa akiisema. Akanyamaza kidogo, akaangalia boneti.

"Baba watoto, mbona halipigi tena ile kelele? Tabo umeliuza?"